Kwa nini mkulima wa Dar es Salaam hupanda mchicha

Uhakika alionao mkulima wa mjini juu ya ardhi yake unasomeka kwenye alichopanda. Mchicha huwa tayari kuvunwa wiki tatu hadi nne baada ya kusia. Chainizi na figiri huchukua muda mrefu kidogo. Matembele yakishashika hukatwa na kuchipua tena kwa miezi kadhaa. Anayepanda mpapai anatarajia kuwapo hapo mwakani, na anayepanda mnazi au mwembe anawaambia majirani kwamba hapa ni kwake, wajukuu wake watakula hapa.

Sasa pita bonde la Msimbazi, au chini ya nyaya za umeme mkubwa, au pembezoni mwa reli. Utaona mchicha, tuta kwa tuta. Watu husema ni kwa sababu soko liko jirani na mboga za majani hazivumilii safari ndefu. Ni kweli, ila ni nusu ya maelezo. Nusu ya pili ni kwamba mkulima huyo anaweza kuambiwa aondoke wakati wowote, na mchicha ndilo zao ambalo akiambiwa leo, pengine atakuwa amekwisha kulivuna.

Mazungumzo yetu kuhusu kusaidia kilimo cha mjini hujaa mbegu bora, vitalu nyumba na semina. Hivyo vyote vina nafasi yake. Lakini kwa mtu ambaye hajui kama mwezi ujao atakuwa bado na mahali pa kulima, msaada wa kwanza ni muda. Kwa nini muda huo ni mgumu kupatikana? Kufahamu hilo kunahitaji kutenganisha mambo ambayo kwa kawaida tunayafunga fungu moja.

Vilimo vitatu kwa jina moja

Tunaposema kilimo cha mjini tunataja angalau vitu vitatu visivyofanana. Kuna kilimo cha uani: banda la kuku wa mayai Kimara, ng'ombe wawili wa maziwa Mbezi, ndoo za sukuma wiki barazani. Huyu ana nyumba, na ardhi ni yake au ya mwenye nyumba anayemfahamu. Tatizo lake ni majirani, harufu, bei ya pumba na dawa.

Kuna kilimo cha maeneo ya wazi, cha mabondeni na kwenye hifadhi za miundombinu. Huyu hana ardhi kabisa. Analima kwa ruhusa ya mdomo, na mara nyingi mwenye eneo anamtaka awepo kwa sababu shamba linalolimwa halivamiwi na wajenzi. Kwa maneno mengine ni mlinzi asiyelipwa, ambaye ujira wake ni mavuno.

Kisha kuna mashamba ya pembezoni: Chanika, Msongola, na kuvuka mpaka wa mkoa kuingia Kisarawe, Mkuranga, Kibaha na Bagamoyo. Huku kuna mihogo, minazi, mikorosho, machungwa, mananasi ya Kiwangwa. Wengi huku wana haki ya ardhi, mara nyingi ya kimila, na wengine wamerithi kwa babu zao. Anayewakabili si mgambo wa jiji; ni mnunuzi.

Mpango mmoja hauwezi kuwafaa wote watatu. Ukigawa mbegu za miti ya matunda kwa mkulima wa bondeni umemletea kesi, maana kupanda mti ni kudai ardhi. Ukimletea mkulima wa Kisarawe semina ya kulima kwenye magunia, unamfundisha kuishi baada ya kupoteza shamba ambalo bado analo.

Na vilimo hivi vinalishana. Samadi inayokuza mchicha wa Msimbazi hutoka kwa kiasi kikubwa kwenye mabanda ya kuku ya uani. Hubebwa kwa viroba, ikachanganywa na udongo kabla ya kusia. Ukipiga marufuku mabanda ya kuku kwa sababu ya harufu, umepandisha gharama ya mboga bila kukusudia.

Tuta moja

Tukae kidogo kwenye tuta, maana wapangaji wengi wanaliona kwenye picha ya angani tu. Mkulima wa bondeni mwenye matuta kama ishirini hasii yote siku moja. Anasia mawili leo, mengine baada ya siku chache, ili kila siku kuwe na tuta lililofikia. Asubuhi na jioni anashuka kisimani au kwenye dimbwi na keni mbili, moja kila mkono, anamwagilia huku akirudi kinyumenyume. Mvua ya masika inampumzisha mikono lakini inamletea maji yanayosomba matuta.

Mchuuzi, mara nyingi mama, huja jioni. Hapimi kilo. Anapita kati ya matuta, anainama, anageuza jani kuangalia vidukari, anasimama kwenye alilolipenda na bei inaanza. Wakikubaliana, tuta ni lake. Kesho yake kabla ya jua anakuja kung'oa mwenyewe, anasuuza mizizi, anafunga mafungu, anapanga kwenye tenga na kuwahi Ilala, Buguruni au Tandale kabla majani hayajalegea. Saa nne asubuhi mboga hiyo iko jikoni.

Tafiti za miaka ya 1990 zilikadiria kwamba karibu asilimia 90 ya mboga za majani zilizouzwa katika masoko ya Dar es Salaam zilizalishwa ndani ya jiji lenyewe, kwenye maeneo ya wazi na bustani za nyumbani. Jiji limebadilika sana tangu hapo, lakini mfumo wa tuta na tenga unaendelea. Hakuna ghala, hakuna jokofu, hakuna lori. Ukaribu ndio miundombinu yake yote. Ukimhamisha mkulima huyu kilomita 40, humhamishi na mchuuzi wake. Unamkabidhi kwa dalali.

Serikali iliyosema lima, na jiji lililosema ondoka

Kilimo cha mjini Tanzania hakikuanza kwa ukaidi wa wananchi. Mwaka 1972 tuliambiwa siasa ni kilimo. Baada ya ukame wa 1973 na 1974 ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na wakazi wa mijini nao wakahimizwa walime kila penye nafasi. Miaka ya 1980 mshahara uliposhindwa kufika hata nusu ya mwezi, maofisa wa serikali wenyewe walifuga kuku na ng'ombe nyuma ya nyumba za kazi. Wakati huohuo sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 ikawa inawasaka wasio na ajira rasmi mjini ili wapelekwe mashambani. Mtu mwenye jembe bondeni aliweza kuwa mfano wa kuigwa au mzururaji, ikitegemea nani amemkuta.

Miaka ya 1990 mambo yalianza kunyooka. Mradi wa jiji endelevu, ulioanza 1992 kwa ushirikiano na Umoja wa Mataifa, uliweka kilimo cha mjini miongoni mwa masuala makuu ya mazingira ya jiji, pamoja na maeneo ya wazi na ardhi hatarishi. Mwaka 1993 Wizara ya Kilimo na Wajerumani wakaanzisha mradi wa kuendeleza mboga mijini. Na mwaka 1992 zilitoka kanuni za kilimo cha mijini chini ya sheria ya mipango miji ya wakati huo: mtu mmoja asilime zaidi ya ekari tatu mjini.

Tafakari kanuni hiyo. Inamwambia mkulima asizidi kiasi gani. Haiiambii mamlaka ya mji isishuke chini ya kiasi gani. Ina dari, haina sakafu. Mji unaweza kupoteza ekari zote za kulima, mpaka ya mwisho, bila kanuni hiyo kuvunjwa na mtu yeyote. Naamini hapa ndipo penye kiini cha tatizo letu lote la mipango: kilimo kimeruhusiwa, lakini hakijatengewa. Ruhusa huondoka siku matumizi yenye fedha zaidi yakibisha hodi.

Jiji lenyewe lilikuwa na mipango kabambe ya 1949, 1968 na 1979, kisha likakaa miongo kadhaa bila mpya. Katika kipindi hicho ndipo watu walipofurika. Sensa ya 1967 haikufikisha laki nne. Ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541.

Mji umevuka mpaka

Sensa ya 2022 ilitupa habari ambayo haikujadiliwa inavyostahili. Mkoa wa Dar es Salaam ulifikia watu 5,383,728, ongezeko la kama asilimia 23 kwa miaka kumi. Mkoa wa Pwani, katika miaka hiyohiyo, ulitoka 1,098,668 ukafika 2,024,947. Ni zaidi ya asilimia 80. Jiji linakua sasa kwa kasi zaidi nje ya mipaka yake, kwenye mikorosho na mihogo ya wilaya jirani, ambako halmashauri ni nyingine, mkuu wa mkoa mwingine, na maofisa mipango miji ni wachache.

Shamba hufaje huko? Wengi hudhani greda linakuja siku moja na kufyeka. Kwa kawaida shamba hufa mapema zaidi, na kimyakimya. Mtu wa mjini ananunua ekari tano kwa ajili ya baadaye, anaweka nguzo na seng'enge, anamwacha kijana alinde. Kijana analima robo ekari ya mihogo ili apate kula; kwingine kunaota kichaka. Jirani anaona, anauza naye. Ngedere na nguruwe pori wa vichaka vile wanakula mahindi ya yule aliyebaki, mpaka naye anachoka. Ikifika miaka kumi baadaye mpima ardhi akija, anakuta pori na anaandika kwamba hapakuwa na kilimo. Anaandika alichokiona, lakini kilimo kiliondoka muda mrefu kabla ya nyumba ya kwanza.

Bei inaeleza kwa nini. Chukua ekari moja, mita za mraba 4,047. Toa asilimia 30 kwa barabara na huduma, zinabaki kama 2,830. Kwa viwanja vya mita 400, hivyo ni viwanja saba. Mkulima anayeuza ekari nzima kwa dalali anapokea bei ya shamba. Anayekuja kuikata anapokea bei ya viwanja saba. Hiyo tofauti ndiyo inayolipa madalali, ndiyo inayowafanya wenye mashamba wapokee simu kila wiki. Hakuna zao la shambani linaloweza kushindana nayo, na si haki kumlaumu mkulima kwa kuuza. Kwa hiyo kusema tutaokoa mashamba ya pembezoni kwa kuongeza tija peke yake ni kujidanganya.

Kuna na mlango wa kisheria ambao watu wachache wanauona. Sheria zetu za ardhi za 1999 zinagawa ardhi katika makundi matatu: ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Kijiji kinaweza kuandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi, kikatenga eneo la kilimo, la malisho na la makazi, na mkutano mkuu wa kijiji ukaupitisha. Wanakijiji wanaweza kupewa hati za hakimiliki ya kimila. Ni kazi inayochukua vikao vingi na fedha za wafadhili. Kisha eneo linatangazwa kuwa la upangaji wa mji. Kijiji kinageuka mtaa, serikali ya kijiji inavunjwa, mkutano mkuu wa kijiji wenye mamlaka juu ya ardhi haupo tena. Na ule mpango? Michoro ya mipango miji inaanza upya, kana kwamba karatasi ni nyeupe. Makazi yanachorwa, biashara, shule, kituo cha afya, makaburi. Eneo la kilimo lililopitishwa na watu kwa kunyoosha mikono halina mahali pa kuhamia.

Fidia nayo inasukuma upande huohuo. Sheria ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na kwa wakati, na inahesabu thamani ya ardhi, jambo ambalo zamani halikuwepo. Ni hatua kubwa. Lakini mthamini akifika, mnazi una thamani, mkorosho una thamani. Mazao ya msimu kwa kawaida hayalipwi, mkulima huachiwa muda avune. Kwa hiyo anayelima mboga bila hati anatoka mikono mitupu, hata kama ameishi na ardhi ile miaka ishirini.

Maji ya Msimbazi

Mtu anayetetea kilimo cha bondeni hana budi kujibu swali la afya, na mimi silikwepi. Msimbazi unatoka vilima vya Kisarawe na kupita kwenye viwanda, machinjio na makazi yasiyo na mfumo wa majitaka kabla ya kuingia baharini. Utafiti uliochapishwa 1999 ulipima mboga zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi na kukuta metali nzito, risasi ikiwemo.

Hapa kuna hatari mbili ambazo watu huzichanganya. Vimelea vya majitaka hukaa zaidi juu ya jani. Kuosha kwa maji safi kunavipunguza, kupika kunaviua, na mkulima akiacha kumwagilia maji machafu siku chache kabla ya kuvuna anasaidia sana. Hatari hii inasimamiwa na mkulima, mchuuzi na mpishi. Metali ni habari nyingine. Mmea unazifyonza kutoka kwenye udongo na maji. Haziondoki kwa kuosha wala kuchemsha. Hizi haziwezi kusimamiwa na mama mwenye tenga. Zinasimamiwa kiwandani, kwenye bomba linalotoa maji, na kwa kupima udongo wa kila bonde ili ijulikane wapi palimwe mboga, wapi paoteshwe maua na miche, na wapi pasilimwe kabisa. Kumfukuza mkulima na kuliacha bomba kunaondoa mboga. Sumu inabaki mtoni, inaendelea kwenda baharini kwa samaki.

Swali jingine ni mafuriko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Lengo ni zuri, na mafuriko ya Desemba 2011 yalionyesha kwa vifo kwa nini. Ila tofautisha nyumba na tuta. Mto ukijaa, nyumba inaua. Tuta linapotea, na baada ya mwezi limesiwa upya. Kilimo cha msimu ni miongoni mwa matumizi machache ambayo bonde la mafuriko linaweza kuyabeba, na kinazuia wajenzi wasirudi. Sasa upo mradi mkubwa wa Bonde la Msimbazi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia uliopitishwa 2022, na sehemu ya chini ya bonde inakusudiwa kuwa bustani kubwa ya jiji. Natamani sana bustani hiyo iwe na matuta ndani yake, palipopimwa na kuonekana salama, badala ya nyasi tupu ambazo manispaa italazimika kulipa watu wazifyeke.

Muda unavyoweza kuandikwa

Muda una njia ya kisheria, na tumekwisha kuitumia kwa jambo jingine. Katikati ya miaka ya 2000 Dar es Salaam ilianza kutoa leseni za makazi kwa waliojenga maeneo yasiyopimwa. Leseni ile si hati ya kudumu. Ina miaka michache, inahuishwa, ina ada ndogo. Lakini ilimfanya mkazi atambulike, na serikali ikapata daftari la nani yuko wapi. Leseni ya kilimo ingefuata nyayo hizo kwa maeneo ya wazi: miaka mitatu hadi mitano, haina haki ya kujenga wala kupanda miti ya kudumu, ina masharti ya maji na dawa, na inasema wazi notisi ni miezi mingapi. Taasisi yenye eneo haipotezi ardhi yake. Mkulima anajua anaweza kuchimba kisima, kuweka tenki, kupanda bamia na nyanya chungu badala ya mchicha peke yake. Na bwana shamba wa kata anapata orodha ya watu wa kuwatembelea.

Bila karatasi ya namna hiyo, hata fedha zilizopo hazimfikii. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi kinaulizwa mradi wake uko wapi. Kikundi cha kuku kinaonyesha banda. Kikundi cha mboga kinaonyesha bonde la serikali, na hapo mazungumzo yanaisha.

Kwa pembezoni dawa ni nyingine, na inapaswa kuanzia kwenye makabidhiano. Tamko la kufanya kijiji kuwa mji lije na sharti kwamba eneo la kilimo lililotengwa na kijiji linahamia kwenye mchoro wa mji kwa jina lake, na kulibadilisha kuwe na utaratibu uleule wa kubadili matumizi ya shule au uwanja wa michezo. Mabonde ya mchanga yenye maji ya karibu yatangulie, maana ndiyo yenye thamani ya kilimo na ndiyo mabaya kwa kujenga. Vilima vyenye udongo mwepesi vijengwe. Mji lazima uishi mahali. Na kwa kuwa mkulima anayebaki ndani ya eneo hilo anakosa bei ya viwanja saba ambayo jirani yake anaipata, lazima kuwe na kitu upande wake: kodi ya ardhi ya chini maadamu analima, barabara ya kupitisha mazao, maji ya kumwagilia. Vinginevyo tunamwomba alipie chakula cha jiji peke yake.

Vijiji vingi vya Kisarawe, Mkuranga na Bagamoyo bado viko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na mikutano yao mikuu bado ina kauli. Kupima udongo, kuchora eneo la kilimo na kuliandika kwenye mpango ni gharama ndogo sasa kuliko itakavyokuwa baada ya lami kufika. Wanaotakiwa kukaa meza moja ni maofisa ardhi na kilimo wa mikoa miwili, Dar es Salaam na Pwani, pamoja na mamlaka za mabonde ya maji. Waanze na vijiji ambavyo madalali wameanza kuvitembelea. Wenyeviti wa vitongoji wanavijua kwa majina.